Mama Elfu Moja, Mtoto Mmoja

2 Februari

Dada yangu,

Salamu zitangulie, maana nakujua, barua ikianza na habari kabla ya salamu unaikunja na kuirudisha kwenye bahasha. Sisi wazima. Chiriku anaongea tangu anapofungua macho mpaka anapolala, na akilala anaongea na ndoto. Upepo wetu je? Bado anawashinda wenzake mbio kwa mguu mmoja na nusu?

Usishangae karatasi. Ofisini karatasi iliyochapwa upande mmoja inatupwa, nami nimeomba nipewe. Nyuma ni mambo ya kazi, usihangaike kuyasoma.

Sasa sikia. Ile kazi ya kuingiza kadi za watoto kwenye kompyuta imekwisha, kadi elfu mbili na mia tatu, nikajua wataniambia ahsante na kwaheri. Badala yake Fundi, yule anayetengeneza tovuti ya hospitali kuu, akaniambia, "Mama Chiriku, wewe una subira. Njoo upime." Kwa hiyo mdogo wako aliyeishia kidato cha pili sasa ni Mpimaji. Wameliandika mlangoni kwa kalamu, chini ya jina la Fundi.

Ninachopima ni muda. Mtu akigusa simu yake afungue ukurasa, unafunguka baada ya sekunde ngapi? Mmoja akigusa, hakuna shida. Wakigusa watu elfu kwa mpigo, je? Watu elfu hatuwezi kuwaita ofisini, tuko juu ya duka la magodoro na ngazi yenyewe inalia hata nikipanda peke yangu. Basi kuna programu inayojifanya watu elfu. Nabonyeza kitufe kimoja, watu ambao hawapo wanabisha hodi wote kwa pamoja, na programu inaandika kila mmoja kafunguliwa mlango baada ya muda gani. Siku ya kwanza nilibonyeza halafu nikatega sikio nisikie kama ngazi italia.

Jana wastani ulitoka sekunde mbili. Fundi alitaka namba ya kadi ya kujaribia, nikampa ya Chiriku maana ninayo kichwani. Akasema, "Tuanze na hii moja, nyingine tutaweka baadaye." Kwa hiyo watu wote elfu walikuwa wanamuulizia mwanangu. Nilijisikia kama mama wa bibi harusi.

La maana ni hili. Ukurasa wenyewe ndio wa madaktari wa miguu. Wanakuja wiki mbili tu, nafasi mia mbili na arobaini, na mwaka huu hakuna kujiandikisha dirishani, ni kwa simu tu. Tarehe 20 Machi, saa mbili kamili asubuhi, unaandika namba ya kadi ya mtoto, unachagua siku, basi. Anayewahi ndiye anayepata. Daktari alikwambia kisigino cha Upepo kinyooshwe kabla hajatimiza miaka mitano, na mitano ni Juni hii. Dada, safari hii ni yetu. Hapo chini nimekuandikia anwani ya majaribio. Jaribu uone, utafunguka kabla hujapepesa jicho.

Mdogo wako,
Mama Chiriku, Mpimaji

Dereva wa lori la mbao ndiye atakayeleta, kama kawaida. Mwambie arudi na jibu, asirudi na umbea.

*

9 Februari

Kitindamimba wa mama,

Salamu nimezipokea na bahasha nimeiacha wazi. Hongera kwa cheo cha mlangoni. Mama angekuwepo angeshamwambia mtaa mzima kwamba bintiye anapima, na akiulizwa anapima nini angejibu, "Kila kitu."

Nimejaribu huo ukurasa wenu. Unajua huku mtandao haukai majumbani. Unakaa kwenye ukuta wa shule, upande wa choo cha walimu, na ukiusogelea hatua mbili zaidi unahama. Nikabeba kigoda, nikabeba na shati la mteja, maana fundi cherehani akikaa mikono mitupu watu hudhani ameachika. Nikaandika anwani, nikaandika namba ya Upepo, nikagusa. Nikaanza kukunja pindo la mkono wa shati.

Kwanza kikaja kipaji cha uso. Kipana, kinang'aa. Nikashona. Zikaja nyusi. Nikashona. Yakaja macho, yananitazama kama nimemkanyaga mguu. Nilipofika kwenye kiungo cha mshono ikaja pua. Pindo limekwisha, uzi nimeukata kwa meno, mzee ndiyo kwanza anashuka kwenye tai nyekundu. Kisha akatoweka na meno yake, yakabaki maandishi: samahani, jaribu tena baadaye.

Pindo la mkono wa shati, kwa mkono wangu, ni mishono themanini. Mshono mmoja ni sekunde tatu. Hesabu mwenyewe, wewe si ndiye Mpimaji. Hizo sekunde mbili zenu mlizipimia wapi, peponi?

Nina jambo jingine, naliandika haraka kabla aibu haijanikamata. Wewe umo ndani. Kadi umeziingiza wewe. Huwezi kumtia Upepo mapema, kimya kimya, kabla ya siku yenyewe? Usinijibu kwa maneno. Ukimtia nitajua.

Jana amerudi na kiatu kimechimbika upande mmoja tena. Anatembelea ukingo wa mguu kama mtu anayepita kwenye bomba. Aliniambia, "Mama, hiki kiatu kivivu." 

Dada yako

*

16 Februari

Dada,

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama.

Huyo mzee ni Meneja wetu. Ile picha anapeana mkono na mkurugenzi wa hospitali, na mkurugenzi yuko upande wa kulia, hukumfikia. Nilipomweleza Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, "Lakini dada yako ana simu ya enzi gani?" Nikamwambia, "Ya enzi hii hii tunayoishi. Ndiyo simu waliyonayo mama wote wenye kadi." Akavaa miwani.

Mchana, Chiriku akiwa amelala chini ya meza, nilichukua simu yangu nikaandika namba yake. Ukurasa ukaja chapuchapu. Nikaandika ya Upepo, nikangoja mpaka mkono ukafa ganzi. Nikaandika ya mtoto mwingine, vilevile. Nikarudia ya Chiriku: chap. Hapo nikamkumbuka mkaguzi.

Unamkumbuka? Nilikuwa darasa la nne. Mwalimu alitukaririsha hesabu moja wiki nzima, saba mara nane. Mkaguzi akaja, akauliza saba mara nane, tukajibu kabla hajafunga mdomo. Akaandika kwenye daftari lake: darasa bora. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza tisa mara sita. Tukawa tunamsikiliza nzi dirishani.

Ile kompyuta kubwa inayowajibu watu, wanayoiita seva, ndiyo sisi darasa la nne. Watu wetu elfu wote walikuwa mama mmoja mwenye mtoto mmoja. Ameulizwa Chiriku, akajibu, akamkariri, na baada ya hapo kila aliyebisha hodi alipewa jibu la kukariri. Tena programu yenyewe iko kwenye kompyuta iliyofungwa waya mmoja na hiyo seva, chumba hichohicho. Ni kama kupima mbio za mtu kwa kumshika mkono. Tarehe 20 haji Chiriku mara elfu. Wanakuja watoto elfu, kila mmoja na kadi yake, kutoka kwenye kuta za shule.

Nikamwambia Fundi, "Ile baadaye yako imefika. Weka kadi zote." Alisema Meneja hapendi. Nikasema Meneja hajaja leo. Alikuna kichwa, akaziweka, kazi ya nusu saa. Nikabonyeza. Dada, kati ya watu elfu waliofunguliwa ni themanini na wawili. Na hao nao walisubiri sekunde hamsini na moja. Waliobaki wote wakaambiwa samahani. Fundi hakucheka. Alisema tu, "Hii usimwonyeshe mtu." Nikaichapa nakala mbili.

Kuhusu lile uliloniomba nisijibu kwa maneno, nalijibu kwa maneno. Sijamtia. Nilikaa mbele ya kompyuta na namba yake kidoleni. Lakini zile kadi nilizichapa mimi, Dada, moja moja. Kuna zilizokuja na madoa ya uji. Kuna moja mama yake aliandika pembeni kwa penseli, "tafadhali." Nikiwa nalijua hilo neno, nitamrukaje?

Nikasirikie, lakini usiache kuandika.

Mama Chiriku

*

22 Februari

Mdogo wangu,

Nimekukasirikia siku tatu. Siku ya kwanza niliushona mfuko wa suruali ya mteja ukaziba. Siku ya pili nilikusema kwa dereva wa lori, naye akakutetea, nikamkasirikia na yeye. Siku ya tatu Upepo aliniuliza, "Mama mdogo amefanya nini?" Nikafungua mdomo nimwambie kosa lako, sikulipata.

Basi nisikilize. Hukunipa mlango wa nyuma. Sawa. Huo wa mbele hakikisha unafunguka. Sitaki habari za "nilijaribu." Ulivyokuwa mtoto ulikuwa unajitupa chini sokoni mpaka watu wanauliza huyu wa nani. Ukaidi huo ulikwenda wapi? Uutafute, una kazi.

Na hiyo picha itoke. Mtoto wangu hana shida na meno ya mtu.

Dada yako

*

26 Februari

Kwa: Mpimaji
Kutoka: Meneja
Yah: RIPOTI YA VIPIMO VYA UKURASA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mnamo tarehe 1 Februari ulipima ukurasa na kupata wastani wa sekunde mbili. Hicho ndicho kipimo kinachotambuliwa na ofisi. Vipimo vya tarehe 15 vilifanyika bila kibali, kwa hiyo havitambuliki.

Hospitali inahitaji saini ya mtu aliyepima. Unaagizwa kusaini ripoti iliyoambatishwa kabla ya tarehe 28. Ukishindwa, utapisha wengine.

Picha haitaondolewa. Picha ni sura ya ofisi.

Meneja

[Chini yake, kwa mkono:] Mama Chiriku, mimi si mtu mbaya. Fundi ameniambia una mtoto wa dada yako mwenye shida ya mguu. Saini, na jina lake litakuwa la kwanza kwenye orodha kabla ukurasa haujafunguliwa. Hakuna atakayejua. Lifikirie kama mama.

*

27 Februari

Kwa: Meneja
Kutoka: Mpimaji
Yah: KUSAINI

Husika na barua yako. Mimi barua za ofisi sikuzisomea, kwa hiyo nitaandika ninavyosema, unisamehe.

Kipimo cha tarehe 1 sikikatai. Ni changu na ni cha kweli. Ila ripoti haijasema yote. Iandikwe hivi: "Ukurasa unafunguka kwa sekunde mbili kwa mama yeyote ambaye mtoto wake ni Chiriku na ambaye amekaa chumba kimoja na seva." Ikiandikwa hivyo nasaini leo, kwa kalamu yangu mwenyewe.

Vipimo vya tarehe 15 unasema havitambuliki. Wale watu mia tisa na kumi na wanane waliofungiwa nje wanavitambua.

Umeniambia nilifikirie kama mama. Nimelifikiria usiku mzima kama mama, na asubuhi kama mama mdogo, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Ndiyo maana sisaini.

Nakala ya vipimo vyote viwili nimempelekea Matroni wa hospitali. Nimeenda kwa miguu, mtoto mgongoni. Amenisainia kwamba amepokea. Yeye alisaini kitu alichokiona.

Nimeacha ufunguo wa stoo ya karatasi kwa Fundi.

Mama Chiriku, Mpimaji

*

1 Machi

Dada,

Leo nakuandikia fupi. Chiriku amekalia rundo lote la karatasi na hataki kushuka, nimechomoa ya juu tu.

Ofisini kuko shwari. Wamenipa mapumziko kidogo nikae na mtoto, nimefurahi. Chiriku amejua kusema "samahani, jaribu tena baadaye," anamwambia kila mtu anayeomba kumbeba. Baba yake kamwambia hiyo ndiyo sauti ya serikali.

Usiniulize mapumziko ya siku ngapi.

Dada, hivi mtu akikuwekea mkononi kitu unachokitaka kuliko vyote, ila ili ukishike inabidi uachie kitu kingine ambacho hata hukijui ni cha nani... Basi, achana nalo. Ni mawazo ya mtu asiye na kazi ya kufanya, namaanisha aliye mapumzikoni.

Kata kucha za Upepo, mara ya mwisho alinikwaruza. Mwambie mama mdogo anampenda mguu wa kulia na wa kushoto sawasawa.

Mdogo wako

*

6 Machi

Kitindamimba,

Uliniambia mambo ya nyuma ya karatasi nisihangaike kuyasoma. Sikuhangaika. Niliigeuza kutafuta kama umeendelea upande wa pili, maana barua yako ilikuwa fupi kama sketi ya mjini, nikakutana na Meneja. Ana mwandiko mzuri.

Nilisoma maneno ya kuchapwa. Nikasoma ya mkono. Nilipofika "jina lake litakuwa la kwanza" nilikaa chini, mlangoni hapo hapo, wateja wananiruka. Upepo alikuwa uwanjani anawafundisha wenzake mchezo wake, wa kuruka kwa mguu mmoja, ambao yeye tu ndiye anayeujua vizuri. Wote walikuwa wanaanguka isipokuwa yeye.

Nitakwambia ukweli, kwa sababu wewe umenificha na mmoja wetu lazima aseme. Ungeniuliza ningesema saini. Ningelisema kabla sijameza mate. Ningekuambia hao wengine wana mama zao. Najijua. Nililia, nikakutukana, nikamtukana Meneja, kisha nikakaa nikafikiri: huyu mdogo wangu alijua nitasema nini, akanibebea hiyo kazi ya kukataa. Akaibeba yeye ili mimi nisije kuwa mtu aliyesema saini. Nashukuru hukuniuliza. Usinifiche tena.

Nikaichukua hiyo karatasi nikaenda nayo ukutani, nikawasomea wenzangu pande zote mbili. Kumbe si mimi peke yangu ninayeingoja tarehe 20. Kuna mke wa mwenye mashine ya kusaga, binti yake ana miguu inayoangaliana. Kuna mwalimu wa chekechea. Wote tukihesabiana tuko kumi na mmoja. Mke wa mwenye mashine akasema, "Wanapima kwa watu ambao hawapo. Sisi tupo. Tujipime."

Tukasimama kumi na mmoja, simu kumi na moja, tukagusa pamoja niliposema sasa, mimi nikashona. Mishono mia moja na kumi. Ukurasa ukamfungukia mmoja tu, mwalimu, naye kwa mshangao akaangusha simu. Tumeandika yote: nani, simu gani, mishono mingapi, na mshono mmoja sekunde ngapi ili Matroni wa hospitali, ambaye mwalimu anasema ndiye asiyeogopa wakubwa, asidhani tunamtania. Dereva wa lori atampelekea mkononi. Hatukuweka saini, hatujui kama ya kwetu inahesabika.

Mapumziko mema, mwongo mkubwa wewe.

Dada yako

*

13 Machi

Dada,

Ngazi ya ofisi ililia tarehe 9, wanasema, kama haijawahi kulia. Matroni alipanda mwenyewe, na orodha yenu mkononi. Fundi ndiye aliyenihadithia mwanzo wake.

Alikaa kwenye kiti changu. Akasema, "Nibonyezeeni watu elfu, na kila mmoja awe na mtoto wake." Meneja akamwambia Mpimaji yuko likizo. Matroni akasema, "Basi nitamngoja," akatoa miwani na kitambaa, akaanza kufuta taratibu. Walinitumia mtu.

Nilifika na Chiriku mgongoni.  Nikabonyeza. Tukaangalia wote wanne, na Chiriku wa tano. Walioingia walikuwa sabini na tisa. Chiriku akasema kwa sauti nzuri kabisa, "Samahani, jaribu tena baadaye."

Kisha Matroni akafungua ukurasa kwenye simu yake, simu kuukuu kama yako, kioo kimepasuka. Kikaja kipaji. Zikaja nyusi. Yakaja macho. Akamtazama Meneja, akatazama simu, akamtazama tena. "Huyu ndiye mgonjwa?"

Picha ilitoka siku hiyohiyo, Dada. Fundi amekaa kwenye kiti chake siku tatu anairekebisha seva, anasema haikuwa kazi kubwa, ilikuwa kazi iliyoahirishwa. Sasa elfu nzima wanaingia, kila mmoja na mtoto wake, na anayechelewa sana ni sekunde nane. Nilimwambia aitoe programu kwenye kile chumba, aipeleke kwa shemeji yake nje ya mji ambako mtandao ni wa kuokoteza. Alinung'unika, akaipeleka.

Mimi hawajanirudisha. Meneja alisema baada ya tarehe 20 hakutakuwa na cha kupima, na alilisema bila kunitazama. Jina langu amelifuta mlangoni, ila alifuta kwa kiganja, wino umetapakaa tu, bado linasomeka. Matroni ameniuliza kama najua kupanga mafaili. Nimemwambia ninachojua ni kungoja na kuandika nilichokiona. Akasema atafikiri. Baba Chiriku anasema nimefanya wazimu wa maana. Mimi nina tumaini, Dada, sijui kwa nini, labda ndivyo nilivyoumbwa.

Ila kitu kimoja kinaninyima usingizi. Mashine imesema sekunde nane. Mashine hiyohiyo ilisema mbili. Mimi sasa siiamini mpaka ukuta wa shule useme. Tarehe 20 uende na shati.

Mama Chiriku

*

20 Machi

Mdogo wangu,

Nimeandika leo leo, dereva amesimama hapa anakunywa maji yangu na kunihimiza.

Tulifika ukutani kengele ya shule haijagongwa. Safari hii tulikuwa kumi na wanane, habari ilikuwa imetembea. Walimu waliona wanawake wamejipanga karibu na choo chao wakaogopa kutoka. Nilibeba kigoda na shati. Upepo nilimkalisha juu ya ukuta, akanishikia uzi.

Saa mbili ilipogonga nikasema sasa. Wote wakagusa. Nikashona mmoja. Nikashona wa pili. Nikashona wa tatu. Wa nne sikuushona. Ukurasa ulikuwa umefunguka, mweupe, hauna mzee wala tai, umeandika jina la mwanangu lile la kwenye kadi, ambalo hata mimi huwa nalisahau. Sindano ikaning'inia kwenye kitambaa. Upepo akaniambia, "Mama, shona." Nikamwambia ngoja kwanza. Nikachagua siku. Mwalimu akanishikia simu.

Nafasi ya mia moja tisini na sita. Tarehe nne Aprili, saa tatu asubuhi. Nimeiandika kwenye mkono wangu, kwenye mlango na kwenye mgongo wa cherehani.

Sasa nikupe na chungu, maana tumekubaliana kutofichana. Kati ya kumi na wanane, wamepata kumi na watano. Mke wa mwenye mashine hakupata. Ukurasa ulimfungukia vizuri, mishono mitatu kama wangu, ila aliikosea namba ya kadi mara mbili kwa haraka, na aliporudia zilikuwa zimekwisha. Alikaa kwenye kigoda changu. Nilidhani atalia. Akasema, "Wiki mbili ni chache. Nani aliyepima akasema wiki mbili zinatosha?"

Kwa hiyo tumeandika tena. Tumemwandikia Matroni kwamba mlango sasa unafunguka, tumeujaribu, tunamshukuru, na kwamba chumba ndicho kidogo. Tunataka wiki ya tatu. Tumeweka majina ya watoto watatu waliobaki nje hapa kwetu, na tumemwomba aulize kwenye kuta nyingine wamebaki wangapi. Mwalimu alisema barua kama hii lazima isainiwe na mtu aliyepima. Wote wakanigeukia mimi. Nimesaini. Hii nimeiona kwa macho yangu.

Matroni akikuuliza tena kama unajua kupanga mafaili, mwambie unajua, na uanze na hilo letu.

Ndani ya kifurushi kuna shati. Lilikuwa la mteja, nimemshonea jingine, hili ni la Chiriku akikua. Mkono mmoja una pindo zima. Wa pili una mishono mitatu tu na uzi unaning'inia. Usiumalizie.

Dada yako,
Mpimaji